Sahani Isirudi Tupu

Acocks Green, Birmingham
Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ya kurudisha saa nyuma.
Mwaka wa hamsini na mbili tangu niondoke Unguja, na wa kumi na tisa tangu wewe uondoke hapa.

Mpendwa Mama Rukia,

Asubuhi ya leo nimezunguka nyumba nzima nikirudisha saa. Utakumbuka ulivyokuwa ukiichukia kazi hii. Kila Oktoba ulisimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni, ukiilinda saa yako ya ukutani kama mtu anayelinda kuku wake. "Hii usiiguse. Wakitaka kuchezea saa, wachezee zao." Saa ile ilikuwa ya Unguja. Miaka yote tuliyokaa pamoja katika nyumba hii ulipika kwa saa ya Uingereza na ukaishi kwa saa ya kwetu, na wakati wowote ulijua mama yako anafanya nini kule: sasa anaanika, sasa anachambua mchele, sasa kajinyoosha. Mwaka juzi ilisimama. Nikaitia betri mpya, nikaiweka kwa saa ya hapa. Sikukuambia. Hilo ni moja katika mambo ambayo sikukuambia, na ni dogo kuliko yote.

Ujumbe wako Rukia alinisikilizisha wiki mbili zilizopita, kwenye simu yake, tukiwa tumesimama ukumbini na koti sijavua. Nimemwomba anirushie na mimi, na tangu hapo nimeusikiliza mara nyingi kuliko unavyodhani. "Baba Rukia, mie sikugombezi. Kugombeza nimechoka. Nataka neno moja. Chumba kimepakwa chokaa, godoro jipya limo, nimeliacha na nailoni yake lisiingie vumbi. Unarudi au hurudi? Maana watu wananiuliza kama mie mke wa mtu au mjane, nami sina la kuwajibu."

Kwa miaka kumi na tisa nimekujibu "mwakani, inshallah." Nilikujibu hivyo hata miaka ambayo nilijua ni uongo. Rukia anakuja Disemba, na barua hii ataileta yeye. Sikuifunga kwa gundi. Akitaka kuisoma aisome, na wewe ukitaka kuwasomea majirani wasomee. Wapo wazee wengi hapa mjini wenye barua kama hii vichwani mwao, wanamaliza siku bila kuiandika. Pamoja na barua atakuletea sahani yako, ile ya maua ya buluu. Ndiyo maana itanibidi nianze na sahani.

Ilikuwa Idd yetu ya kwanza katika nyumba hii. Ulikaanga visheti tangu alfajiri, madirisha yakaota ukungu, ukajaza sahani, ukaifunika kawa, ukaipitisha juu ya ua wa bustani kwa jirani tuliyekuwa hatujui hata jina lake. Jirani huyo, Maureen, alitoka na nywele kazikunja kwa vibanio, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Siku tatu baadaye tukaikuta kizingitini petu, imeoshwa, inang'aa.

"We Baba Rukia! Njoo uone! Njoo uone nilivyotukanwa asubuhi yote hii!"

"Umetukanwa na nani?"

"Na sahani!"

Nikaja, nikaitazama. Sikuona tusi. Ukaigeuza huku na huku mbele ya uso wangu.

"Imerudi tupu kama kichwa cha mwenyewe. Hata ndimu? Hata chumvi? Kwetu mtu asiye na kitu kabisa hutia jani la mchaichai."

"Kwao kuiosha ndiyo adabu."

"Kuosha? Kwani mie sina maji?"

Ukamwita Bi Sahani. Miezi minane hukumsalimu. Maureen wa watu akawa ananivizia bustanini nikitoa taka. "Saidi, mkeo nimemkosea nini? Niliivunja ukingo? Niliiosha kwa mkono, taratibu." Sentensi moja ingetosha kulimaliza. Nilimwambia, "Hana neno. Ni baridi tu." Nimelifikiria jibu lile mara nyingi mwaka huu. Tangu ujana wangu neno likiwa zito nalisingizia baridi.

Aliyelimaliza ni Rukia, na alikuwa hajafika umri wa kujifunga viatu. Alipanda juu ya ndoo, akachungulia uani, akamwambia Maureen kwa Kiingereza chake cha skuli kwamba kwa mama sahani hairudi tupu. Jioni ile ile Maureen alibisha hodi akiwa ameshika kopo la nanasi. Alilinyoosha tu. Na wewe ulilipokea kwa heshima zote, ukafunga mlango, ukakaa chini ukicheka mpaka ukashika mbavu. "Nanasi la kopo! Mtu wa Unguja analetewa nanasi la kopo!" Lakini hukulifungua kamwe. Lilikaa kabatini miaka, na aliyetaka kuligusa alikiona.

Baada ya hapo sahani ile haikupumzika. Ilivuka ua na visheti, ikarudi na mayai. Ilivuka na kaimati, ikarudi na keki ya tangawizi iliyoungua chini. Na nyinyi mkawa watu wa kukaa jikoni. Nilikuwa nikirudi kazini nawakuta, chai imepoa, Kiingereza chako na mikono yake vikisaidiana. Siku moja alikuonyesha kwa dirisha mashine yake ya kufulia. Alipoichukua dukani, alisema, ilibidi mumewe atie saini, ingawa mshahara ulioilipia ulikuwa wake. Sheria ilibadilishwa baadaye.

"Kumbe hata huku?" ulimwambia. "Mie niliambiwa Ulaya mwanamke anajiendesha mwenyewe." Kisha ukamweleza mahari yako, kwamba ni yako, na mume hana ruhusa hata ya kuikopa.

"Yako? Peke yako?"

"Peke yangu. Huyu akiigusa ni haramu."

Maureen aligeuka akanitazama nilipokuwa nimesimama na mkoba wangu wa chakula, kama anayetaka kuhakikisha kwamba mwanamume wa namna hiyo anaweza kuishi na akapumua.

Mambo haya vitabuni huitwa maendeleo ya jamii, na nilipohamia kazi ya maktaba nilivisoma vingi. Vyote vinasimulia kwa utulivu, kana kwamba jamii ilikaa kikao ikaamua. Sisi tuliyaona kwa dirisha la jikoni. Tulipokuja, Jumapili ilikuwa siku iliyokufa, maduka yamefungwa, watu wamevaa kwenda kanisani au wanajifanya wamekwenda. Maureen alivaa kofia. Kisha mumewe akaondoka na mwanamke mwingine, na talaka, jambo ambalo mama yake asingeweza hata kulitamka, yeye aliimaliza kwa wakili katika miezi michache, akabaki na nyumba kwa jina lake. Kanisani kwao wakabishana miaka kama mwanamke anaweza kuwa kasisi. Maureen alikuwa upande wa ndiyo, akapeleka barua, akashinda. Na walipompata huyo kasisi mwanamke, waumini walikuwa wamebaki safu mbili za mbele. Leo lile kanisa ni ghala la mazulia. Naingia mle mara moja moja kwa sababu kuna joto.

Kazini kwangu nako. Unakumbuka nilivyokuwa nikikusimulia kura zetu uwanjani, kiwanda cha breki? Wanaume mia kadhaa tumesimama kwenye mvua, katibu wa chama cha wafanyakazi juu ya gari, anauliza, na mikono inainuka. Mara ya kwanza nilipoinua wangu niliogopa. Kwetu nilikuwa nimekwisha kujifunza kwamba mkono ulioinuka unakumbukwa. Hapa mtu wa kulia kwangu aliinua, wa kushoto akakataa, na mchana tukala pamoja. Nilikuja nyumbani nikakwambia, "Mama Rukia, hawa watu wanajua kupingana." Baadaye ikaja sheria ya kura za siri kwa bahasha, ikaja mashine, ikaja barua ya kufunga kiwanda. Kuhusu barua hiyo hatukuulizwa tuinue chochote.

Hata ukuta wa Berlin tuliuona ukibomolewa tukiwa kwenye kochi letu, wewe na mtoto wa watu unamsuka nywele mbele yako. Ulimaliza msuko mmoja, kisha ukasema, "Wajerumani wale wa Mashariki si ndio waliojenga fleti za kwetu Kikwajuni? Sasa nchi yao ikifa, fleti zitakuwa za nani?" Nilicheka. Leo unaishi ndani ya fleti hizo, nchi iliyozijenga haipo kwenye ramani, na maji, umeniambia, bado yanapanda mpaka ghorofa ya pili tu.

Wewe uliondoka kwa sababu ya mama yako, na ulisema miezi sita. Sikukulaumu ilipokuwa mwaka, wala ilipokuwa miwili, wala alipofariki na ukabaki. Ulikuwa umefika. Nilikuona kwenye picha za kwanza alizotuma mpwa wako: umenenepa, kanga umejitanda, unacheka na mtu asiyeonekana. Hapa hukuwa ukicheka na watu wasioonekana. Mimi nikasema nitafuata nikistaafu. Nikastaafu. Nikasema tuone kwanza Rukia anatulia. Rukia akatulia kwa namna yake, na bwana asiyetaka ndoa na ambaye, nikiri, ni mtu mwema kuliko wengine walioitaka. Nikasema mwakani.

Kisha ukaja mwaka ule wa kura ya kutoka Ulaya. Kila nyumba ya mtaa huu ilikuwa na neno. Maureen aliweka bango dirishani, la kutoka. Nililiona siku ya taka, nikiwa nalivuta pipa lake pamoja na langu kama nilivyofanya tangu goti lake liharibike. Nililiacha pipa katikati ya njia. Mwezi mzima sikumsalimu. Ndiyo, mimi, niliyekucheka wewe kwa miezi yako minane.

Aliyevunja kimya ni yeye. Alikuja na sahani yetu, skonzi tatu juu yake.

"Hii nilikuletea na keki wiki ile ulipokuwa na homa," alisema, "ukairudisha tupu. Nimehesabu siku. Mkeo Zena angeniambia nimetukanwa."

"Ulipiga kura niondoke, Maureen."

"Nilipiga kura kanisa langu lirudi. Na kiwanda chako kirudi. Na binti yangu arudi kutoka Australia. Hayo yote hayakuwamo kwenye karatasi, Saidi. Kulikuwa na visanduku viwili tu."

"Na mimi?"

"Wewe jirani. Sikujua kama jirani naye anapigiwa kura."

Sikumsamehe siku ile. Nilikula skonzi moja kwa adabu. Lakini nimesoma tahariri nyingi juu ya kura ile, za watu wenye shahada, na sijapata maelezo yaliyokaa moyoni mwangu kama yale ya visanduku viwili.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na nimeinuka mara mbili kwenda kuchemsha maji ambayo siyataki.

Muda si mrefu baadaye, habari zikaanza kutoka za wazee wa Karibiani, waliokuja hapa watoto, wakafanya kazi maisha yao yote, na sasa wanaambiwa walete karatasi za kuthibitisha kwamba walikuwapo. Wengine walinyimwa matibabu, wengine walirudishwa visiwani wasikokujua. Mimi ruhusa yangu ya kukaa ilikuwa muhuri mmoja uliofifia, ndani ya pasipoti iliyokwisha muda. Usiku sikulala, mchana nilipekua madroo. Unakumbuka fomu za uraia zilizotujia zamani? Wewe ulitandikia kabati la vyombo. "Nile kiapo kwa malkia wa watu? Mie kiapo changu nimekwisha kula, kwa Mungu na kwako." Nilizikuta, Mama Rukia, chini ya vikombe, zimekuwa za manjano. Nikaomba mpya.

Walitaka watu wawili wanaonijua wanidhamini kwa saini. Mmoja alikuwa daktari wa mtaa. Wa pili alikuwa Maureen, pamoja na kura yake na bango lake. Alivaa miwani, akasoma kila mstari, akauliza, "Hapa wanataka kujua nimekujua kwa namna gani. Niandike kwa sahani?" Siku ya kiapo alinisindikiza na koti lake la rangi ya zambarau. Ukumbi ulikuwa na bendera na picha, na vijana wengi walioshangilia. Nilisema maneno, nikafungua mdomo kwenye wimbo. Sikusikia furaha wala huzuni. Nilikuwa kama mtu aliyefika mwisho wa foleni.

Sheria ya kwetu unaijua. Haikubali mtu awe na nchi mbili. Nilipotoka mle ukumbini nilikuwa si Mtanzania tena, na hukujua. Hujajua mpaka dakika hii unaposoma.

Sasa utaelewa kilichotokea uwanja wa ndege, safari yangu ya mwisho, miaka sita iliyopita. Ulikuwa nje na mpwa wako, na birika la kahawa ndani ya kikapu. Wewe ulidhani mizigo imechelewa kwa sababu ndivyo nilivyokwambia. Mizigo ilifika mapema. Nilikuwa foleni ya wageni, nyuma ya vijana wenye kaptura, nasubiri viza. Yule kijana wa kaunta alisoma pasipoti, akasoma mahali nilipozaliwa, akaniangalia usoni.

"Karibu Zanzibar, mzee. Umekuja kutalii?"

"Nimekuja kwa mke wangu."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu."

"Basi unatalii," akasema, akagonga muhuri. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akitabasamu.

Na wiki ya tatu ile, jioni moja, umeweka mkeka barazani, wageni wamejaa, kila mmoja ananiuliza jambo na kujijibu mwenyewe. Nami nilikuwa nikitamani kitu ambacho niliona aibu nacho: chumba chenye mlango uliofungwa, na redio inayosema polepole juu ya hali ya hewa ya mahali pasiponihusu. Nilidhani sionekani. Ulininong'oneza wakati wa kunipa kikombe, "Baba Rukia, umekaa kama mtu anayesubiri basi." Kisha ukaendelea kumimina. Ulijua kabla yangu.

Nikwambie basi habari za hapa, maana ni hizo zilizobaki. Wazoa taka wamegoma kwa miezi, mifuko imelundikana kwenye kona, na panya wanapita mchana kama wapangaji. Maktaba yangu siku nyingi imefungwa. Basi namba kumi na moja, lile uliloniambia ni la vichaa kwa sababu linazunguka mji mzima na kurudi lilipoanza, siku hizi mzunguko wake umekatwa. Unafika hapa Acocks Green, unashushwa. Ukitaka kuendelea upande jingine. Kiangazi kile cha ghasia, wapinga wahamiaji walipokuwa wakitangaza mtandaoni kwamba watakuja kuvunja misikiti, maduka ya hapa yalipigiliwa mbao, nasi wazee tukakaa kwenye viti vya plastiki mlangoni mwa msikiti tangu adhuhuri. Waliokuja ni vijana wa Kizungu wawili, na sanduku la maji ya kunywa. Walikaa nasi. Mmoja wao hakuwahi kuingia kanisani maishani mwake, aliniambia, lakini alihisi jengo la watu kuomba lisivunjwe. Sijui nimweke wapi kijana yule katika vitabu vyangu.

Maureen wakati huo alikuwa amekwisha kupelekwa nyumba ya wazee, upande wa Great Barr, akili imeanza kumtoka. Binti alipanga yote kwa simu kutoka Australia. Nilikuwa nikimtembelea kila Jumatano, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Nilijifunza kukaanga visheti kwa ajili hiyo. Vyangu vinakuwa vigumu, lakini meno yake yalikuwa ya bandia na hakuyaonea huruma. Kuna muuguzi pale, Mkenya, Wanjiku. Siku moja Maureen alimaliza visheti, akaitazama sahani, akaanza kutaabika. Aliangalia mezani, akaangalia chini ya mto, akapapasa mifuko ya joho lake. Mwisho akachukua rimoti ya televisheni, akaiweka katikati ya sahani, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Jina langu alikuwa amelisahau. Hilo hakusahau.

"Wee mzee!" Wanjiku alinikamata mlangoni, anacheka. "Hiyo rimoti ni ya hapa, wengine watasota kutafuta mpira." Akaitoa taratibu. Kisha akauliza, "Huyu ni nani wako kwani, unakuja hivi kila wiki?"

"Jirani."

"Jirani. Na mke wako mwenyewe yuko wapi?"

"Unguja."

"Huko unaenda kila siku gani ya wiki?"

Nilimwambia basi langu limekaribia.

Maureen alifariki mwezi wa nne. Binti alikuja kwa siku tano, mwanamke mwema, amechoka, amezeeka kuliko nilivyotarajia. Alifungua nyumba, akagawa vitu, na siku ya mwisho akabisha hodi na sahani yetu. Sijui ilirudi vipi kwake. Labda Maureen aliichukua mara ya mwisho alipolala nyumbani, na nilikuwa nikitumia nyingine bila kutambua. Aliikuta kabatini, imefungwa kwa gazeti, na karatasi yenye jina lako. Binti alikuwa ameiosha. Ilikuwa tupu, inang'aa. Nilimshukuru, nikaipokea, nikafunga mlango, nikasubiri nikusikie ukipiga kelele jikoni.

Sasa wanakaa pale vijana wanne wenye baiskeli za kupeleka vyakula. Wananisalimu kwa kidevu.

Utauliza, basi kama ndivyo ilivyo huko, unakalia nini? Sina sababu ya kukutosha. Ningekwambia presha, lakini presha inasafiri. Ningekwambia Rukia, lakini Rukia ndiye anayenihimiza niende. Ukweli ni kwamba nimechoka kuzoea. Nimekwisha kuzoea nchi tatu tangu nitue hapa, na zote zimeitwa Uingereza: ile ya kofia na Jumapili na mikono iliyoinuka uwanjani, ile ya maduka yasiyofungwa na kila mtu na maisha yake, na hii ya sasa, inayogombana na nafsi yake na kutupa taka mlangoni. Kila moja niliizoea, na kila moja ilipozoeleka iliondolewa. Unguja ingekuwa ya nne. Najua inaitwa kwetu. Lakini nimeiona barazani kwako, Mama Rukia, na ingenibidi nianze upya, kujifunza kukaa na watu, kucheka pale wanapocheka, kulala mlango wazi. Ungekuwa umengoja miaka kumi na tisa ili uletewe mgeni wa kuuguza. Ulikuwa ukisema nchi hii inamfundisha mtu kuishi peke yake. Somo lile nimelifaulu. Sijivunii cheti chake.

Kosa langu ni kwamba nililijua hili miaka sita iliyopita, kwenye mkeka wako, na nikakujibu "mwakani" mara sita zaidi. Nilikufanya uchague chokaa na kununua godoro. Kwa hilo naomba radhi, na sitasingizia baridi.

Wakikuuliza, waambie wewe si mjane. Ni mke wa mtu aliyeogopa neno moja. Ukitaka nikuache kwa wema, mwambie Rukia, nitaandika talaka mbele ya mashahidi, kwa heshima, na hakuna atakayesikia kwangu ila sifa zako. Ukitaka kubaki na jina langu, baki nalo. Lilikuwa likikaa vizuri kwako kuliko kwangu. Hiari ni yako, na usiniulize ninachopenda, maana nitajibu kwa ubinafsi. Chumba mpe mwenye kukitumia. Godoro livue nailoni ulilalie wewe. Mgongo wako ninaujua.

Sahani nimeifunga kwa taulo lako la zamani, lile la kijani. Juu yake nimeweka saa yako ile ya ukutani. Asubuhi ya leo, nilipomaliza kurudisha zile nyingine nyuma, hiyo nimeitanguliza mbele yao kwa saa tatu, irudi kwenye saa ya Unguja kama ilivyokuwa. Ikining'inizwa kwako haitahitaji kuguswa tena. Chini ya saa nimeweka barua hii, na kopo moja la nanasi, ucheke kabla hujafika mwisho.

Uliomba neno moja. Nisamehe nimetumia mengi kulifikia.

Sirudi.

Mumeo,
Baba Rukia